Alama ya Sita

O26.873. Ya kwanza ni herufi O, wala si sifuri, na anayeanza kujifunza kazi ya kuweka misimbo huikosea kwa urahisi. Herufi hiyo inamwambia msomaji kwamba yumo katika sura ya 15 ya kitabu cha misimbo ya magonjwa kinachotumika Marekani, yaani sura ya mimba, kujifungua na siku za arobaini. 26 ni fungu la hali zinazoletwa na mimba yenyewe. 8 ni tawi la zile zilizotajwa mahususi lakini hazikupata mahali pengine. 7 inataja jambo: shingo ya kizazi imefupika. Na 3, alama ya sita na ya mwisho, inasema limetokea katika muhula wa tatu, kuanzia wiki 28 kamili hadi mtoto anapozaliwa. Sentensi nzima ya daktari imekwisha kuandikwa, na haijafika nusu ya mstari.

Nawavulia kofia watu wanaoandika sentensi hizo. Mgonjwa hawamwoni. Jalada lake huwafikia akiwa amekwisha kurudi nyumbani, nao hulisoma kuanzia maelezo ya mapokezi hadi barua ya kuruhusiwa, kisha huchagua, kati ya misimbo zaidi ya 70,000, ile michache inayosema kwa haki yaliyompata. Kitabu hicho kilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, kikaondoa kingine kilichokuwa na misimbo isiyozidi 15,000, na hufanyiwa marekebisho kila mwaka, kwa kawaida tarehe hiyohiyo ya Oktoba. Wengi wanaoisikia kazi hii hudhani ni ukarani wa kunakili. Mimi naiona ni kazi ya kusoma, tena kusoma kwa namna ambayo wasomaji wengi hatuiwezi: kuelewa kila kilichoandikwa na kutoongeza hata chembe.

Chukua hiyo alama ya sita. Ukilitazama tawi la O26.87 utakuta 2 kwa muhula wa pili, 3 kwa muhula wa tatu, na 9 kwa muhula usiotajwa. 1 haipo. O26.871 hautaukuta popote, na kukosekana kwake si usahaulifu wa mpiga chapa. Kabla ya wiki 14 sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi haijajitenga vizuri na shingo yake, na anayepima hawezi kusema kwa uhakika inaanzia wapi na kuishia wapi. Si ajabu basi kwamba kitabu hakikutoa msimbo kwa kipimo kisichoaminika. Ile 9 nayo imewekwa kwa dharura tu. Miongozo rasmi inasema itumike kwa nadra, na mweka misimbo anayejiheshimu huichukia, kwa sababu kama wiki za mimba zimeandikwa popote katika jalada, yeye ameruhusiwa kuhesabu muhula mwenyewe. Kuandika 9 ni kukiri kwamba jalada zima halikutaja umri wa mimba, au kwamba hakulisoma.

Ili kuona uzuri wa kazi hii, inafaa kuanzia mbali kidogo na meza ya mweka misimbo, kwenye chumba chenye mwanga hafifu ambako namba inazaliwa. Mama anaombwa kwanza aende haja ndogo, maana kibofu kilichojaa huibana shingo ya kizazi na kuifanya ionekane ndefu kuliko ilivyo. Kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwa njia ya uke, taratibu, bila kukandamiza, kwa sababu mkandamizo nao hurefusha. Mtaalamu hutafuta mlango wa ndani na mlango wa nje wa shingo, na mfereji unaoiunganisha milango hiyo. Anaweka alama mbili, mashine inampa milimita. Kisha anasubiri. Shingo ya kizazi haikai tuli: dakika hii mlango wa ndani umefumbata, dakika ya tatu umefunguka kidogo na maji ya uzazi yamejipenyeza. Wataalamu huyaita maumbo hayo kwa herufi, T ikiwa mlango umefunga sawasawa, halafu Y, V, na U kadiri unavyozidi kufunguka. Hupimwa angalau mara tatu, na kati ya vipimo vilivyo safi huandikwa kile kifupi kuliko vyote.

Kwa nini milimita zihesabiwe kwa bidii namna hiyo? Mwaka 1996 Jay Iams na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kuwapima wanawake 2,915 walipokuwa karibu na wiki ya 24, na 2,531 kati yao tena kwenye wiki ya 28. Wastani wa urefu ulikuwa milimita 35 na ushei mara ya kwanza, na karibu 34 mara ya pili. Lakini lililobadilisha fikra ni jingine. Kabla ya hapo madaktari walizoea kuiona shingo ya kizazi kuwa ama inahimili, ama ni legevu na mimba itatoka. Utafiti ule ulionyesha kwamba hakuna mpaka mkali wa namna hiyo. Kila milimita inayopungua huongeza uwezekano wa kuzaa mtoto njiti, hatua kwa hatua, bila mahali pa kusema hapa ndipo ugonjwa unapoanza. Kwa desturi ya kliniki leo, milimita 25 kushuka chini, kabla ya wiki ya 24, huitwa fupi, na mama huweza kupewa projesteroni ya kuweka ukeni, au shingo hiyo kufungwa kwa uzi ikiwa historia yake inadai.

Sasa ongeza wiki. Kuanzia kama wiki ya 30 kwenda mbele shingo ya kizazi huanza kufupika kwa wanawake wengi ambao watatimiza miezi yao tisa na kujifungua bila taabu yoyote. Ndivyo mwili unavyojiandaa. Milimita 22 katika wiki ya 20 ni jambo la kumwita daktari bingwa siku hiyohiyo. Milimita 22 katika wiki ya 35 huenda ni Jumanne ya kawaida. Namba ni ileile, mashine ni ileile, pengine hata mtaalamu ni yuleyule, lakini maana imehama. Hapo ndipo msimbo wa muhula wa tatu unapokuwa mgumu, na hapo ndipo tabia ya mweka misimbo inapojulikana.

Kwa kuwa majalada halisi ni siri za watu, tubuni moja. Mwanamke amefika hospitali akiwa na mimba ya wiki 27 na siku 5, tumbo linakaza na kuachia. Ripoti ya ultrasaundi inasema: urefu wa shingo milimita 19, mlango wa ndani umefunguka kwa umbo la V. Daktari ameandika kwa mkono wa haraka: urefu 19, hakuna mabadiliko baada ya saa sita, apewe sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto, alazwe kwa uangalizi. Steroidi hizo ni urithi kutoka Auckland, ambako Graham Liggins na Ross Howie walionyesha mwaka 1972 kwamba zinawaokoa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Analala siku tisa. Anaruhusiwa.

Soma tena alichoandika daktari. Hakuna mahali aliposema shingo ya kizazi imefupika. Kila mtu aliyekuwa zamu usiku ule alijua. Muuguzi alijua, mtaalamu wa ultrasaundi alijua, mume alielezwa. Mweka misimbo, akiwa na cheti chake na miaka yake ya kusoma ripoti za namna hii, anajua pia. Lakini mwongozo unasema matokeo ya vipimo kwa mgonjwa aliyelazwa hayageuzwi kuwa msimbo mpaka mtabibu mwenyewe aeleze umuhimu wake. 19 ni namba. Haijawa utambuzi wa ugonjwa. Kuigeuza ni kazi ya aliyemgusa mgonjwa, na mweka misimbo hana ruhusa hiyo hata kidogo.

Basi anaandika swali rasmi kwa daktari, na kuliandika ni fani ndani ya fani. Haruhusiwi kuuliza, "Je, mgonjwa alikuwa na shingo ya kizazi iliyofupika?" kwa maana swali hilo limeshika jibu mkononi. Haruhusiwi kutaja fedha, wala kudokeza kwamba jibu fulani litabadilisha malipo. Anaweka ushahidi kama ulivyo: tarehe, milimita, umbo la V, sindano zilizotolewa. Kisha anauliza kipimo hicho kina maana gani kitabibu, na akitoa machaguo ni lazima yote yawe yanawezekana, na mwishoni kuwe na nafasi ya kusema jingine, au kwamba haiwezi kubainishwa. Ukiyasoma maswali ya mtu aliyeiva katika kazi hii huwezi kubahatisha yeye anaamini nini. Wanasheria wangapi wanaweza hilo? Waandishi wa habari wangapi?

Vishawishi vipo, tena vya fedha. Hospitali ya Marekani hulipwa kulingana na misimbo, na msimbo mzito mara nyingi huleta malipo mazito. Ndiyo maana anayeongeza uzito kwa makusudi katika madai yanayolipwa na serikali huweza kukumbana na sheria ya madai ya uongo ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuwabana wafanyabiashara walioliuzia jeshi mali mbovu. Lakini sidhani ni sheria inayomfanya mweka misimbo mzuri asubiri jibu la daktari siku tatu kwa ajili ya tarakimu moja. Nadhani ni kitu kinachofanana na kile kinachomzuia fundi saa asifunge kifuniko kabla ya skrubu ya mwisho, ingawa mwenye saa asingejua.

Daktari anajibu: kufupika kwa shingo ya kizazi, hakuna uchungu. Sasa ndipo kitabu kinafunguliwa, na kinafunguliwa kwa utaratibu. Kwanza faharasa, ambako mtu huanza na neno la tatizo, si la kiungo. Faharasa humpeleka kwenye O26.87 pamoja na kistari kinachodai alama zaidi. Haruhusiwi kuishia hapo, hata kama msimbo anaukumbuka kwa moyo. Lazima aende kwenye orodha kuu na kusoma kila kilichoandikwa juu na chini ya msimbo, kwa sababu huko ndiko makatazo yanakokaa. Chini ya O26.87 kuna katazo la aina kali kabisa, lile linalosema hali hizi mbili haziwezi kuishi pamoja katika ziara moja: usiweke msimbo huu pamoja na Z03.75.

Na Z03.75 ni nini? Ni msimbo wa mama aliyefika kwa kushukiwa kwamba shingo imefupika, akapimwa, ikaonekana haikufupika. Kuna na ndugu yao wa tatu, Z36.86, wa mama ambaye hakushukiwa kitu: amepimwa urefu wa shingo kama sehemu ya uchunguzi wa kawaida wa kutafuta hatari ya kujifungua mapema. Wanawake watatu wanaweza kulala kitanda kimoja asubuhi moja, wakapimwa kwa kifaa kimoja, kila mmoja dakika zilezile, na madai ya bima yakabeba namba moja ya kipimo, 76817, kwa wote watatu. Kinachowatenganisha ni swali lililoulizwa kabla ya kipimo na jibu lililopatikana baada yake. Hakuna shaka, Z36.86. Shaka iliyokanushwa, Z03.75. Shaka iliyothibitishwa, O26.87 na alama yake ya sita. Sijui taaluma nyingine nyingi zinazohifadhi kwa uaminifu tofauti kati ya kutojua, kudhani na kujua.

Majirani wengine hawako mbali. Tumbo likikaza na shingo ikabadilika, daktari akaandika uchungu wa mapema bila kujifungua, tumehamia O60.03. Likikaza bila uchungu wa kweli, kabla ya wiki 37, ni O47.03. Daktari akiandika kwamba shingo ni legevu, yaani haihimili mimba, tumekwenda O34.33, mtaa mwingine kabisa, unaohusu viungo vya uzazi vya mama vyenye kasoro. Chini ya fungu hilo la O34.3 kuna maelezo mafupi ambayo mimi hufurahi kila ninapoyaona: linajumuisha huduma kwa mama aliyefungwa uzi wa Shirodkar, awe na ulegevu au asiwe nao. Vithal Nagesh Shirodkar alikuwa daktari wa Bombay, aliyeeleza mshono wake mwaka 1955. Ian McDonald wa Melbourne alileta wake, ulio rahisi zaidi, mwaka 1957, na ndio unaoshonwa zaidi siku hizi. Lakini jina lililokaa kitabuni ni la Mhindi. Kwa mweka misimbo maelezo hayo si historia: yanamwambia kwamba mama aliyefupika shingo katika wiki ya 20, akafungwa uzi, anaporudi wiki ya 30 uzi ungalipo, huduma ya uzi huo inahesabiwa huko O34.33, hata kama neno ulegevu halikuandikwa.

Kuna na jambo la lugha ya mashaka. Madaktari, kama watu wote wenye busara, hupenda kusema "huenda", "inaelekea", "inashukiwa". Mwongozo wa Marekani unayachukulia maneno hayo kwa namna mbili zinazopingana. Kwa mgonjwa wa nje, yanayoshukiwa hayapewi msimbo. Unaweka dalili iliyomleta, basi. Kwa mgonjwa aliyelazwa, kinachoandikwa kwenye barua ya kuruhusiwa kwamba "huenda ni" hupewa msimbo kana kwamba kipo, kwa hoja kwamba uchunguzi na matibabu yote yalielekezwa huko. Mara ya kwanza nilipoisoma kanuni hii niliiona kichekesho. Sasa naona ina akili yake. Aliyepita kliniki kwa nusu saa asibandikwe jina la ugonjwa litakalomfuata miaka, na aliyelala wodini siku tisa isionekane kwamba alilala bure.

Turudi kwa mama yetu wa kubuni, maana sasa inakuja hesabu ya wakati, na hapo ndipo mimi binafsi hupotea na wao hawapotei. Aliingia akiwa na wiki 27 na siku 5. Muhula wa pili humalizika wiki 27 na siku 6, kwa hiyo mara tu baada ya siku hiyo, akiwa palepale kitandani, aliingia muhula wa tatu. Aliruhusiwa akiwa ametimiza wiki 29. Msimbo wake ni upi, 2 au 3? Kanuni inasema tatizo likijitokeza wakati amelazwa, muhula ni ule lilipojitokeza. Kama alikuja nalo, ni ule wa siku aliyoingia. Siku ya kutoka haihesabiwi. Kwake ni O26.872. Msimbo wa pembeni unaotaja wiki za mimba nao hufuata siku ya kuingia, kwa hiyo Z3A.27. Lakini lau wodini, wiki ya 29, angepatwa na uchungu wa mapema, huo ungeandikwa O60.03, wa muhula wa tatu. Jalada moja, kulazwa mara moja, na mihula miwili imeandikwa kihalali ndani yake. Asiyejua angesema mtu amekosea.

Wiki mbili baadaye anarudi kliniki, wiki ya 31. Daktari safari hii anaandika kwa ukamilifu: shingo ya kizazi iliyofupika, inaendelea kuangaliwa. O26.873, na Z3A.31. Shingo ni ileile, milimita pengine zilezile. Alama ya sita imetoka 2 kwenda 3, na mtafiti atakayezikusanya takwimu baada ya miaka mitano ataweza kumtenganisha mama huyu na aliyefupika shingo ghafla wiki ya 34, au na yule ambaye habari yake ilianza na kuishia wiki ya 21. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020. Ukitaka kujua kwa nini, unahitaji watu walioandika 2 palipostahili 2.

Fungu hili la shingo iliyofupika halikuwapo tangu mwanzo, na historia yake inafaa kuguswa kwa haraka. Orodha ya magonjwa inayotumika duniani ilitokana na ile ambayo Jacques Bertillon, mtakwimu wa Paris, aliiwasilisha mwaka 1893 katika mkutano wa watakwimu uliofanyika Chicago, nayo ilikuwa orodha ya sababu za vifo. Shingo fupi haiui mtu. Hata ilipofika 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua kazi hiyo na kuingiza magonjwa yasiyoua, kufupika shingo ya kizazi hakukuwa jambo la kuweza kuorodheshwa, kwa kuwa hakukuwa na jicho la kukuona. Vidole vya mkunga na kumbukumbu ya mimba zilizotoka ndivyo vilivyokuwa vipimo. Ilibidi kwanza ultrasaundi ije, kisha utafiti wa milimita, ndipo Wamarekani wakatenga kufupika na kulegea katika mafungu mawili. Na walinzi wa majalada wenyewe hawakuwa na chama mpaka 1928, pale Grace Whiting Myers, aliyekuwa mkutubi wa Massachusetts General Hospital, alipochaguliwa rais wa kwanza wa chama cha watunza kumbukumbu za hospitali wa Amerika Kaskazini.

Nchi zinazotumia kitabu cha Shirika la Afya Duniani bila nyongeza za Kimarekani hazina alama hiyo ya sita. Katika marekebisho ya kumi ya shirika hilo kuna O34.3 ya ulegevu, lakini kufupika peke yake huangukia O26.8, pamoja na hali nyingine za mimba zilizotajwa mahususi, na muhula hauandikwi. Si kosa. Kitabu kile kiliandikwa kitumike hata pale ambapo kifaa cha ultrasaundi cha ukeni kiko mbali mwendo wa siku nzima. Ila inafaa kufahamu, unaposoma takwimu za kwetu, kwamba mama wa milimita 19 yumo humo, amechanganyika na wengine, na hakuna wa kumwokota.

Kompyuta zimeingia siku hizi, na nyingi husoma jalada na kupendekeza misimbo kabla mtu hajaligusa. Zina kasi, na kwa nimonia ya kawaida hufaa. Kwenye jambo letu huyumba. Ripoti inaposema "hakuna dalili ya kufupika", mashine huweza kuliona neno kufupika na kusahau hakuna. Daktari mmoja huandika 2.2 kwa sentimita, mwingine 22 kwa milimita. Historia ya mimba iliyopita hubandikwa ndani ya maelezo ya leo, na shingo iliyofupika miaka mitatu iliyopita huonekana kama ya leo asubuhi. Mweka misimbo sasa amekuwa mhakiki wa msomaji asiyechoka na asiyeelewa. Anayekubali pendekezo bila kurudi kwenye ukurasa halisi amekwisha kuacha kazi yake, ingawa bado analipwa.

Mama yetu wa kubuni alishikwa na uchungu wiki ya 33 na akajifungua salama kwa njia ya kawaida. Jalada la kujifungua linaongozwa na O60.14X0: uchungu wa mapema wa muhula wa tatu na kujifungua kabla ya wakati katika muhula huohuo. Ile X haina maana yoyote. Imewekwa kushika nafasi ya alama ya sita ili ya saba isikae mahali pasipo pake, na sifuri inayofuata ni kwa sababu mtoto ni mmoja. Kisha Z3A.33, halafu Z37.0, mtoto mmoja, hai. O26.873 itaingia iwapo daktari ameitaja tena katika maelezo ya safari hii. Kuitaja katika ziara iliyopita hakutoshi.

Kisha linafunguliwa jalada jingine, la mtoto, na misimbo yote ya sura ya 15 inabaki mlangoni. Herufi O ni ya mama peke yake. Hairuhusiwi kuandikwa katika jalada la mtoto hata kama kila kilichompata mtoto kilianzia humo. La mtoto linaanza na Z38.00, amezaliwa mmoja, hai, hospitalini, kwa njia ya kawaida, na linafuatiwa na P07.36, mtoto njiti wa wiki 33 zilizotimia. Upo pia msimbo P01.0, wa mtoto mchanga aliyeathiriwa na shingo legevu ya mama yake. Mweka misimbo anaujua, na anaona jinsi ambavyo ungekamilisha habari yote vizuri. Anapitia maelezo ya daktari wa watoto ukurasa kwa ukurasa. Daktari ameandika kuhusu kupumua, kunyonya na manjano. Kuhusu shingo ya kizazi ya mama hakuandika kitu, na P01.0 haiingii.